Ushahidi wa Mrusha Njiwa

Imbaba, Kairo
Jumatano, tarehe 8 Mei 2024

Mpendwa Mjomba Bayumi,

Assalam alaykum warahmatullah wabarakatuh. Nakubusu mkono, na naomba barua hii ikukute umeketi, umekula, na goti lako limetulia. Tulisikia kwamba kipupwe cha huko Italia kilikutesa hata ukawa unapanda ngazi za kazini kwa kushika ukuta. Je, ile dawa ya kuchua aliyokutumia Mama ilifika? Usiiweke kwenye friji kama ulivyofanya na ile ya kwanza, ikiganda haifai tena. Mkazamjomba Samiha hajambo? Karam na Mirvat wanasoma? Nimeambiwa Mirvat sasa anakupita kimo. Mashallah, hiyo ni damu ya bibi.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Upepo wa vumbi umeingia tangu wiki iliyopita, tunakula maharage na mchanga, na nguo tunazianua chafu kuliko tulivyozianika. Mume wangu Rida hajambo, bado anapiga pasi pale dukani, na jasho linavyomtoka utadhani yeye ndiye anayepigwa pasi. Nada ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu, hata kalamu hii ina alama zake. Sasa hivi amelala mapajani mwangu, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue amejigeuza.

Mjomba, utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe huzungumza na Sabri, na Sabri huiweka kwenye spika, na mimi ndiye ninayepita na sinia la chai. Mwenye sinia hasemi. Shule niliiacha mapema kama unavyojua, lakini mwalimu wangu alikuwa akisema mwandiko wangu una akili kunishinda mwenyewe. Ibrahim, mtoto wa muuza mikate, anasafiri kuja huko Jumapili, na ameniahidi kwamba barua hii ataitia mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Nakuomba uisome kwanza peke yako.

Nataka nikueleze habari za dada yako.

Najua unazo. Lakini ulizipata kwa mdomo wa kaka yangu, na Sabri husimulia jambo kama mtu anayefungasha mzigo, kisichoingia anakiacha nje.

Baba alipofariki, Mama alikaa eda yake mpaka siku ya mwisho, na eda ilipokwisha yeye akaendelea kukaa. Wewe ulilia nasi kwa simu, lakini hukuuona ule ukaaji. Alikuwa akiamka, anapika, anafua, anampelekea Sabri chai kitandani, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, halafu anakwenda kwenye kochi la Baba na kukaa ule upande ambao Baba hakuwa akiukalia. Hata mahali pa marehemu hakuthubutu kupachukua. Chakula alikula akiwa amesimama jikoni, kijiko kimoja kimoja, kutoka kwenye sufuria. Nikimwuliza, Mama una nini, ananijibu, "Sina kitu, mwanangu. Kwa umri wangu huu nina nini cha kungojea?"

Umri wake ni miaka hamsini na miwili, Mjomba. Wewe una hamsini na minne na juzi umenunua baiskeli.

Basi siku moja alipanda juu kuanua nguo, akamkuta njiwa wa kijivu ameng'ang'ania kamba, bawa moja linaning'inia, na shuka safi amekwisha kuichafua. Nilikuwa pale, naanika nepi. Nikategemea atamfukuza. Akavua ushungi wake, akamfunga nao, akamkumbatia. Mara tukasikia sauti kutoka paa la nyumba ya pili. Ni Haji Mutwalli, unamkumbuka, yule ambaye ujanani ulikuwa ukimwibia ndege naye akikuibia.

"Mama Sabri, huyo wa kijivu ni wangu."

"Kama ni wako, Haji, muite."

Haji akapiga mluzi, akatikisa bendera yake, akaruka-ruka kwenye mbao za kibanda mpaka nikaogopa ataanguka. Njiwa kimya, amejikunja kifuani mwa Mama kama mtoto mwenye homa.

"Huyo ana bawa bovu, ndiyo maana haji."

"Bawa bovu, na shingo nayo? Mbona hata kukutazama hakutazami?"

Halafu Mama akacheka. Nilisimama na nepi mkononi, maji yananichuruzikia miguuni. Nilijiuliza ni lini niliwahi kusikia kicheko kile. Haji naye akacheka, akasema sheria ni sheria, njiwa ni wa paa analoshukia, na mwenyewe akishindwa kumwita basi amempoteza. Wewe sheria hiyo unaijua kunishinda.

Ndivyo ilivyoanza. Kwanza ndege mmoja ndani ya kreti la vijiti vya mtende. Kisha Haji akamletea jike, akisema mwanamume hawezi kukaa peke yake, na Mama akamjibu kwamba jike anaweza lakini atampokea kwa heshima ya jirani. Kisha vifaranga. Kisha Rida akamtengenezea kibanda cha mbao juu ya nguzo nne, pale pembeni kwenye tangi la maji, kina ngazi yake na vidirisha vyake, na Mama akakipaka rangi ya samawati iliyobaki kwenye milango.

Bendera hakuwa nayo. Akatoa sandukuni gauni lake jeusi la eda, akalikata kwa mkasi wa jikoni, akalifunga kwenye mwanzi. Majirani wanawake walisema hawakubakiza. Mmoja alimfuata hadi mlangoni kumwambia amemtukana marehemu. Mama akamwambia, "Nililivaa siku zake zote, sikumpunja marehemu hata moja. Sasa liache na lenyewe lipate hewa."

Na mluzi, Mjomba. Nilidhani Haji ndiye aliyemfundisha. Kumbe aliujua tangu utoto. Akanisimulia kwamba nyumbani kwenu wewe ulipewa bendera, yeye akapewa ufagio na ndoo ya kinyesi. Alikwangua kibanda chako mpaka siku alipoolewa, na mluzi alijifunza akiwa ameinama, kwa pumzi tu, bila kutoa sauti, ili bibi asisikie. Alinisimulia huku akitabasamu, wala hakuwa na uchungu. Uchungu ni wangu mimi, na ndiyo maana nauandika mimi.

Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akipanda na birika lake la chai ya nanaa. Anafungua vidirisha. Wanatoka kwanza kwa wasiwasi, mmoja mmoja, kama watoto wanaotumwa dukani, halafu ghafla wote wako juu, na Mama anazungusha ile bendera nyeusi na kichwa chake kinawafuata, anazunguka nao pale pale aliposimama. Haji anamtupia neno kutoka kwake. "Mama Sabri, ndege wako wamenenepa kama maharusi." Naye anamjibu, "Wamenenepa kwa sababu wanakula kwao. Wako kila siku nawakuta mlangoni kwangu na bakuli." Jua likishuka anapiga mluzi na wanarudi, naye anawahesabu kwa majina. Halafu anashuka, ananawa, anajipakulia sahani, anaketi mezani. Anaketi, Mjomba. Nakuambia hilo kwa sababu yeye ndiye aliyenizaa na sikuwahi kumwona akiketi kula.

Mwanzoni nami nilinung'unika. Nilizoea kumwachia Nada kila alasiri ili nilale kidogo, na Mama akaniambia, "Asubuhi mlete, usiku mlete, alasiri hapana. Alasiri nina ndege wangu." Nikarudi nyumbani nimevimba. Siku ya pili nikapanda naye huko huko juu, Nada begani, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikamtazama mama yangu, magoti yake mabovu kama yako, nywele zimetoka mtandioni, vumbi usoni, anawatukana njiwa kwa mapenzi. Nikajisemea, kumbe huko mbele kuna kitu. Mimi nina miaka ishirini na minne na kuna siku ninapoosha chupa za mtoto naona maisha yamekwisha, yaliyobaki ni kurudia. Siku ile niliona hayajaisha. Niliona kwamba hata baada ya kulea, na kuzika, na kuchoka, mtu anaweza kupata saa moja yake mwenyewe yenye mabawa. Tangu hapo nilivumilia mengi kwa ajili ya saa ile, ingawa haikuwa yangu.

Sasa Sabri. Sitaki umwone mbaya. Amechelewa kuoa, anauza vifuniko vya simu juani, na mchumba wake Ghada ni msichana mzuri. Wazazi wa Ghada wanataka nyumba kabla ya ndoa, kama wazazi wote. Nasi hatuna pa kujenga ila juu. Hapo hakuna ubishi, na Mama hakubisha. Fundi alipokuja kupima alisema mwenyewe kwamba vyumba viwili na jiko vinaenea na ile pembe ya tangi inabaki. Nilikuwepo na sinia langu. Alisema, "Kibanda hakinisumbui, mimi ukuta wangu unaishia hapa."

Kinachosumbua ni baba yake Ghada, Mwalimu Lutfi. Alikuja kunywa kahawa alasiri moja, akamsikia Mama akipiga mluzi juu. Akauliza, "Huyo ni nani?" Sabri akasema ni mtoto wa jirani. Mwalimu akatoka nje, akainua kichwa, akaiona bendera na aliyeishika. Akasema yeye haozeshi binti kwenye nyumba ya mrusha njiwa, watu ambao macho yao yako kwenye madirisha ya wenzao na viapo vyao viko kwenye ndege wa kuiba. Sabri alirudi ndani rangi imemtoka. Na tangu siku ile hajali tena vyumba viwili, anataka paa lote.

Halafu ikaja Ijumaa ya wiki iliyopita, ile siku ya kikao. Unaikumbuka ulivyoisikia. Mimi nitakueleza ilivyoonekana.

Ulikuwa umewekwa katikati ya meza, simu imeegemezwa kwenye bakuli la machungwa. Sabri, Rida na mimi tumekuzunguka. Mama yuko jikoni, mboga yake ya mulukhiya iko motoni, mlango uko wazi. Sabri akakueleza. Rida akajaribu kusema neno kuhusu ile pembe ya tangi, Sabri akamwambia, "Wewe shemeji nyoosha mashati, nyumba hii usiinyooshe." Mume wangu ni mtu wa kunyamaza, na simlaumu.

Ndipo Mama akatoka. Mikono yake ilikuwa na kitunguu saumu. Akasimama nyuma ya kiti cha Baba, akaiinamia ile simu kama mtu anayezungumza na mgonjwa, akasema, "Kaka, marehemu alisema paa hili ni langu. Alilisema akiwa na akili zake timamu, na..."

Hukumwacha amalize. Ulisema, "Inshirah, dada yangu, tangu lini ushahidi wa mrusha njiwa ukapokelewa?"

Ukacheka. Sabri akacheka mpaka akagonga meza, na wewe ukaanguka kutoka kwenye machungwa kifudifudi, na kicheko chako kikaendelea chini ya simu. Rida naye alitabasamu, ninavyomjua alitabasamu kwa adabu. Mama alingoja. Niliona anangoja kicheko kiishe ili amalizie ile "na" yake. Lakini kilipoisha Sabri alikuwa amekwisha kusema, "Basi Mjomba, tuseme umepitisha," nawe ukasema, "Jengeni, Mungu atie baraka," na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya saruji.

Mama akarudi jikoni. Akazima moto, akatupakulia wote, mimi akaniwekea paja la sungura kwa sababu nanyonyesha. Kisha akala. Alikula akiwa amesimama, kutoka kwenye sufuria.

Najua ulikuwa unatania, Mjomba. Utani ule, kwamba kadhi hapokei kiapo cha mrusha njiwa, ni wa zamani, kila mtu mtaani kwetu anaujua, hata Haji Mutwalli hujitania nao mwenyewe. Ungetaniwa wewe ungecheka. Lakini wewe unataniwa ukiwa umekaa kwenye lililo lako. Mama alitaniwa akiwa analiomba.

Na nimefikiri jambo, naomba unisamehe kama ni ujinga. Wewe ulirusha njiwa tangu ukiwa na miaka kumi mpaka siku uliyopanda ndege ya kwenda Italia. Mtaa mzima unakukumbuka kwa hilo. Na wewe huyo huyo ndiye uliyekuja katika msimu wa joto miaka mitatu iliyopita, ukatia kidole gumba kwenye wino, ukawa shahidi wa ndoa yangu. Kadhi hakukuuliza habari za njiwa. Basi kama ushahidi wa mrusha njiwa haupokelewi, mimi na Rida tunaishi vipi? Na huyu aliyelala mapajani mwangu ni mtoto wa nini? Nilimwuliza Rida, akasema, "Nyamaza usije ukasikika." Lakini alikaa akifikiri.

Unaona sasa. Neno lenu wanaume lilipokelewa siku zote, njiwa au bila njiwa. La Mama ndilo lililokataliwa, na njiwa walikuwa kisingizio tu.

Ninachokuomba si kikubwa. Matofali yanakuja kesho, lakini mafundi wanaanza Alhamisi ya wiki ijayo. Barua itakuwa nawe Jumapili jioni. Piga simu kabla ya Alhamisi. Usimtake Sabri, mtake Mama. Mwambie amalizie ile "na" yake. Sijui ilikuwa inakwenda wapi, nimemwuliza na hajibu. Lakini wewe ndiye mkubwa wa familia, na ukisema pembe ya tangi ibaki, itabaki, na Mwalimu Lutfi ataambiwa kwamba mjomba wa Italia ameamua, na ataridhika. Yeye anataka mwanamume fulani awe ameamua, basi.

Nada ameamka. Nitaendelea.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mjomba, naendelea kwa kalamu nyingine, ile ya kwanza Nada ameimaliza.

Mambo yamekwenda mbele ya barua yangu. Jana asubuhi Mama hakungoja mtu. Aliwaingiza njiwa wake wote kwenye makreti, akayabeba mwenyewe, mawili kichwani na moja mkononi, akampelekea Haji Mutwalli. Haji akamwuliza, "Umeumwa na nini, mwanamke?" Akasema, "Sijaumwa. Watie kwako." Haji akataka kumlipa, Mama akakataa. Akarudi nyumbani akaifungua ile bendera kutoka kwenye mwanzi, akaifua, akaikunja, akaizika sandukuni pale pale ilipotoka. Adhuhuri Sabri akapanda na nyundo. Kibanda hakikuchukua muda. Rida alikijenga kwa wiki mbili. Alasiri matofali yakaja, wakayapanga pale pale kwenye pembe ya tangi, ingawa paa lote lilikuwa tupu. Sabri alishuka amefurahi, akambusu Mama kichwani, akasema, "Mungu akuridhie, mama yangu, umenistiri." Mama akamwambia, "Na wewe pia." Moyo wangu ulitaka kumpiga na kumhurumia kwa wakati mmoja, maana kweli hajui alichofanya.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kumwona. Alikuwa kwenye kochi, upande ule ule wa zamani. Nikampa Nada, akampokea. Alasiri ikaingia na hakuna aliyeitaja. Mara tukasikia kishindo juu, kile kishindo chepesi cha mabawa mengi yanaposhuka kwa pamoja. Mama hakusogea. Nikasema, "Mama." Akasema, "Nimesikia."

Tukapanda. Walikuwa wote pale, juu ya matofali, wamejibanza palipokuwa na kibanda chao, wanatembea huku na huku kama watu waliorudi safari na kukuta nyumba imeuzwa. Yule wa kijivu alikuwa juu kabisa. Haji Mutwalli amesimama kwenye paa lake, mikono kiunoni.

"Mama Sabri, nimewafungulia wale wapate hewa tu, wamekuja kwako."

"Haji, ndege mgeni hafunguliwi siku ya pili, atarudi alikotoka. Hilo hata mtoto analijua."

"Basi nimezeeka, nimesahau. Njiwa ni wa paa analoshukia. Sheria hiyo sikuiweka mimi. Lakini na mimi ushahidi wangu haupokelewi, waulize wenyewe."

Mama hakucheka. Akaketi juu ya matofali katikati yao, mtoto mapajani, na ndege wakamsogelea magotini. Hana bendera, hana chai. Nada akamshika mmoja mkia, Mama akamwachia. Ndipo akanieleza bila kuulizwa ile "na" ilikokuwa inakwenda.

Alisema ilikuwa kiangazi kile cha ndoa yangu, siku tatu kabla hujarudi Italia. Baba alikuwa kitandani, pumzi imekuwa fupi. Wewe uliketi kwenye kiti cha pembeni, unakula tikitimaji, sahani iko magotini. Baba akasema, "Bayumi, nyumba ni ya watoto. Paa ni la Inshirah. Amepanda ngazi hizi maisha yake yote na ndoo za nguo mbichi. Nataka siku moja apande mikono mitupu." Na wewe ukasema, "Sawa, shemeji, nimesikia, mimi ni shahidi," ukapaliwa na mbegu ya tikitimaji, na Mama akakupiga mgongoni mpaka ikatoka. Nami nakumbuka kuja na maji, nikakukuta unakohoa na machozi yamekutoka, na Baba anakucheka. Sikujua mlichokuwa mkisema.

Kwa hiyo alipokuwa anasema, "na," alikuwa anataka kusema, na wewe kaka ulikuwepo.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukumwambia?"

Akasema, "Nilikuwa namwambia. Akacheka."

Mjomba, labda umesahau. Miaka mitatu si michache, na huko mbali mtu ana mambo mengi, na tikitimaji lilikuwa tamu. Nataka iwe umesahau. Nimejaribu tangu alasiri kuwa na hakika kwamba umesahau, na sijaweza, kwa sababu ile siku ya kikao kabla hujatania ulikaa kimya kidogo. Nilidhani ni mtandao.

Kama umesahau, sasa nimekukumbusha. Kama hukusahau, bado kuna Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Matofali yanahamishika, hayajatiwa saruji. Mbao za kibanda Rida amezificha dukani nyuma ya meza ya pasi, hajaniambia lakini nimeziona. Mimi bado nina matumaini, Mjomba, na siyaonei aibu. Ndiyo kitu pekee nilichonacho cha kukutumia, pamoja na biskuti za tende ambazo Ibrahim ameapa hatazila njiani.

Nisalimie mkazamjomba Samiha, mwambie kitambaa alichotuma kimetoa magauni mawili ya Nada. Nisalimie Karam, na Mirvat mrefu. Rida anakusalimu kwa heshima zote. Sabri anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Haji Mutwalli anasema ukija tena ana deni lako la njiwa wawili tangu mwaka wa tetemeko, na hawezi kulilipa kwa sababu wamekufa wazee.

Mungu akupe afya ya goti na wepesi wa ngazi, akurejeshe kwetu salama, na akupe kila jioni kitu cha kukuinua kichwa.

Ni mimi mpwa wako akupendaye hata akikukasirikia,
Rawya

Nimefungua tena bahasha kuongeza. Mama alitoka jikoni akanikuta naandika jina lako. Akauliza nimekuandikia nini. Nikamwambia ukweli wote, nikijua atakasirika. Alikaa kitako, akaivuta bahasha, akaitazama kwa muda, akanirudishia. Kisha akasema, "Mwambie kaka yangu aseme tu alichosikia. Mwambie na yeye alirusha njiwa, lakini mimi ushahidi wake naupokea."